Kiberenge cha Pedeli Juu ya Reli ya Mkonge

Watu wa Tanga baiskeli hatufundishwi, tunaikuta. Mji ni tambarare, kila nyumba ya Ngamiani kuna Phoenix imeegemezwa ukutani, na mtoto huanza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba siku nyingi kabla hajafikia tandiko. Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi kutoka masomoni Korea Kusini akatuambia kwamba kule alilipa kiingilio ili akapige pedeli juu ya reli ya treni, nyumba nzima ilicheka. Yaani utoe hela uendeshe baiskeli, tena isiyokata kona! Akatoa simu akatuonyesha. Sehemu inaitwa Jeongseon, nchi ya milima, na reli yenyewe ilikuwa ikibeba makaa ya mawe. Biashara ya makaa iliposhuka, tangu 2005 wakaweka vigari vya pedeli, na watu wanakwenda kilomita 7.2 kutoka stesheni ya Gujeol-ri hadi Auraji wakipiga soga na kutazama mto.

Mama Mkubwa peke yake hakucheka. Aliirudisha ile picha mara mbili, akauliza upana wa reli, kisha akasema, "Huko mnalipia. Mimi nilikuwa napanda bure na kutandikwa juu yake."

Mama Mkubwa alizaliwa kambini, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Babu yetu mzaa mama aliletwa na Silabu kutoka Songea. Silabu ndiyo iliyokuwa ofisi ya wenye mashamba ya kutafuta vibarua, ilianzishwa 1944, ikawa inasomba vijana wa Kingoni, Kiha, Kimakonde na wengineo kuja Tanga kwa mkataba. Manamba. Wengi mkataba ulipokwisha walirudi kwao. Babu alibaki, akaoa, akafia huku. Mama yetu alizaliwa baadaye, familia ikiwa imeshahamia mjini, ndiyo maana hadithi za reli ya mkonge tulizisikia kwa Mama Mkubwa tu, na kwa ukweli tulikuwa tunazisikia nusu nusu.

Siku ile akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema: kipande cha reli kutoka karakana ya shamba hadi ile kambi yao ya juu bado kipo, na fundi mmoja mstaafu amekiundia kigari cha pedeli.

Habari ya ruhusa niipitishe haraka. Shamba ni mali ya watu, reli ni mali ya shamba. Tuliandika barua, ikagongwa mhuri kwa mtendaji wa kijiji, ikaenda kwa meneja, ikajibiwa. Anayetaka kufanya safari ya namna hii aanzie hapo. Na asithubutu kuiga mchezo huu kwenye reli kubwa ya Tanga, hata kama ameona nyasi zimeota katikati akadhani imekufa. Ile ni njia hai, treni za mizigo zinapita, na treni haiwezi kusimama papo hapo eti kwa sababu imekuona.

Tulipanda Hiace asubuhi ya Agosti, kusi likipuliza, tukashuka Muheza na kuchukua bodaboda hadi karakana. Mzee Fundi tulimkuta amechuchumaa anapaka grisi. Mama Mkubwa anamwita kaka, sisi tukampa shikamoo baba, akaitikia marahaba bila kuinua macho mpaka alipomaliza gurudumu la nne.

Kiberenge chake, maana ndivyo anavyokiita, kama vile vya wakaguzi wa reli kubwa, kina fremu ya engo, viti viwili vya mbele vyenye pedeli, na benchi nyuma kwa wasiopiga. Pedeli, cheni na meno vimetoka kwenye Phoenix mbili zilizokufa. Magurudumu ni ya matoroli ya zamani ya mkonge, kayakereza upya. Upana wa reli hiyo ni sentimita 60, wakati reli kubwa ya Tanga ni mita moja kamili, ndiyo maana toroli la shamba halikuweza kamwe kuingia njia kuu; mkonge uliokwisha kufungwa robota ulipakuliwa huku na kupakiwa upya kule.

Mimi nilichotaka kujua ni kimoja. Kigari hakina usukani, reli ina kona, basi kinakatajekataje? Nilidhani ule ukingo wa ndani wa gurudumu ndio unaokisukuma kifuate njia. Mzee akatikisa kichwa, akaingia ndani akatoka na vikombe viwili vya plastiki, vile vyembamba kitako na vipana mdomo. Akavigandisha kwa solotepu mdomo kwa mdomo, vikawa kitu kimoja chenye tumbo nene katikati. Akalaza milingoti miwili mikavu ya mkonge sambamba, ncha za upande mmoja juu ya tofali, akaviachia vikombe juu yake. Vikabingirika, vikayumba kidogo kushoto, vikajirudi, vikayumba kulia, vikajirudi, mpaka chini. Akavibandua, akavigandisha upya kitako kwa kitako. Vikaenda hatua mbili, vikaangukia ubavu.

"Umeona?" akaniuliza. Gurudumu la reli halikuchongwa bapa. Upande wa ndani ni nene, wa nje limepungua. Kigari kikielemea kushoto, gurudumu la kushoto linakanyagia unene wake na la kulia linakanyagia wembamba, na kwa kuwa yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, la kushoto linameza njia kubwa zaidi kwa mzunguko uleule, basi linakirudisha kigari katikati. Kwenye kona ni hivyohivyo. Ukingo ni mlinzi tu, wa siku mambo yakiharibika. Nimefundisha hesabu darasa la saba miaka mingi na sijapata kuona somo la mzingo likielezwa vizuri namna ile. Vikombe nikaviomba, nikanyimwa.

Kabla ya kuondoka kulikuwa na masharti. Kanga za kuning'inia hakuna; Mama Mkubwa akajifunga yake kibwebwe juu ya suruali ya mdogo wangu aliyoazima, na hakutaka maoni. Viatu vya kamba, kamba zimechomekwa ndani. Mkono hauteremki chini ya benchi. Na anayekaa kushoto mbele ndiye mwenye breki, hakuna mwingine wa kuigusa.

Tukaanza kupiga. Pedeli ya kwanza ni nzito kweli, kigari chenye watu wanne hakitaki kuamka. Baada ya hatua kama kumi uzito unapotea. Chuma juu ya chuma hakibonyei kama tairi la upepo linavyobonyea juu ya mchanga, kwa hiyo jasho lako lote linakwenda kwenye mwendo. Ukiacha kupiga, kigari kinaendelea tu, na kile kimya kinakushtua. Kinachobaki ni kugonga kwa maungio, ta-ta, ta-ta, pale palipoachwa upenyo ili chuma kikitanuka kwa jua kisipindane.

Ni hapo nilipoanza kuelewa walichokuwa wanalipia Wakorea. Baiskeli ya kawaida inakutaka macho muda wote: shimo, kuku, bodaboda, mchanga, shimo tena. Njia ya Tanga hadi Muheza nimeipiga mara nyingi kwa baiskeli, na ukiniuliza nilichoona nitakutajia lami. Juu ya kiberenge unabakiwa na mambo matatu ya kuamua, kupiga, kufunga breki au kushuka, na mengine yote yameshaamuliwa na waliotandika reli. Macho yanakuwa yako. Nikaona mistari ya mkonge inavyofunguka na kufunga kila tunapovuka njia ya kitalu. Nikaona shina moja limeshatoa mlingoti, na vimiche vyake vimening'inia juu huko kwa mamia vikisubiri kuanguka. Mbele, Usambara imevaa wingu mpaka kifuani.

Mlima haukuonekana lakini ulikuwepo. Hilo ndilo la kujifunza mapema: jicho haliwezi kusoma mteremko wa reli. Mimi nilikuwa naapa njia imenyooka kama meza, miguu ikawa inaungua. Mzee akaniambia nitazame chupa ya maji iliyolala sakafuni. Ilikuwa imebingirika nyuma, imejibana kwenye benchi. Kila nilipoitazama tena nilijua tulipo: ikitulia katikati, tumefika tambarare, ikianza kuja mbele, mwenye breki aweke mkono tayari, hata kama macho yanasema bado tunapanda.

Kupanda asubuhi na kushuka jioni si bahati. Mkonge hubebwa majani mabichi, na ndani ya jani singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kwa tani moja ya singa unabeba tani 25 za majani, nyingine zote ni maji na chicha. Tena jani likikatwa halitaki kulala siku nyingi kabla halijafika korona (ile mashine ya kukamulia mkonge, si ugonjwa). Basi reli ikatandikwa ili toroli lililojaa literemke kuelekea korona iliyo bondeni karibu na maji, na lililo tupu ndilo lipande. Huko vitaluni kwenyewe reli haikuwa hata ya kudumu. Vilikuwa vipande vifupi vilivyofungwa pamoja na mataruma yake ya chuma (yale yanayolazwa chini kuishikilia reli), wanaume wanavinyanyua na kuvihamishia kitalu kinachokatwa wiki ile.

Nusu ya safari tukakutana na mtu. Kijana anakuja na kitoroli cha kusukuma kwa mkono, magunia ya mkaa yamepandana hadi usawa wa pua yake, yuko upande wa kuteremka. Njia moja, hakuna pa kupishana. Mdogo wangu akaanza kutafuta kanuni ya nani kafika mwanzo. Mzee alikwisha kushuka. "Mtupu anampisha mwenye mzigo," akasema, na kanuni ikaishia hapo. Tukashika pembe nne, tukanyanyua, tukakitua majanini. Kijana akapita, akatusalimia, akamwuliza Mzee kama gurudumu lake la nyuma linalia kwa kukosa grisi au limekwisha. Mzee akalishika kwa kiganja akalizungusha. Limekwisha. Wakapanga siku ya kulileta karakana. Tukarudisha kiberenge, ukingo mmoja baada ya mwingine, tukaondoka. Shughuli yote ilichukua muda wa kumenya chungwa, na nawashauri watakaounda vyao wasiunde kizito ambacho waliomo hawawezi kukinyanyua wenyewe.

Kelele tulizokosa ziliniletea hofu pia. Watu wa vitaluni hawatarajii kitu juu ya reli ile. Mbuzi wanalala katikati ya mataruma, akina mama wanapita na madumu, na kigari hakitoi hata mvumo. Mzee kafunga kengele mbili za baiskeli na bado anapiga mluzi kila kwenye kona. Mlinzi wetu wa vivukoni alikuwa Mama Mkubwa, aliyekuwa anaita "Hodi njiani!" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Ngomeni.

Na watu wakaitika. Hili sikulitegemea. Gari likikupita unafunika pua na vumbi. Baiskeli unaisalimia ikiwa imeshapita. Kiberenge kinakwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka akipanda, na kimenyanyuka kidogo tu kutoka ardhini, kwa hiyo mazungumzo yanaanza, yanaendelea na kumalizika vizuri. Bibi mmoja alitembea pembeni yetu akauliza tunauza nini. Aliposikia hatuuzi, tunatembea tu, akauliza nani kafa. Mama Mkubwa akajitambulisha kwa jina la baba yake. Bibi akasimama. Akalirudia lile jina, akasema, "Yule Mngoni wa ngoma?" Hatukuwahi kuambiwa kuwa babu alikuwa wa ngoma. Kiberenge kilisimamishwa, na tulisimama pale muda ambao sitauhesabu.

Kambi ya juu imebaki misingi, mwembe na kisima kilichofunikwa. Tukatandika mkeka: mihogo ya kukaanga na chachandu, samaki wa kukaanga, chai ya tangawizi ya chupa, machungwa tuliyonunua Muheza yakiwa bado na majani. Mama Mkubwa akatuonyesha kwa kidole vyumba ambavyo havipo, laini ya Waha, laini ya Wangoni, duka, nyumba ya mnyapara. Toroli tupu zikipanda asubuhi, watoto walikuwa wanarukia la mwisho, na mnyapara alikuwa anawangoja mbele na fimbo ya mlingoti. "Haiumi," akasema, "nyepesi. Lakini inatoa mlio."

Mzee ndiye aliyetupa hesabu za zamani, anazo kichwani. Mwaka 1893 reli kubwa ilianza kutandikwa Tanga, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ikapona 62 tu, na mashamba ya Tanga yakaanzia kwenye hiyo. Miche ikakimbia, reli ikachechemea. Ilifika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899, na Korogwe ilifikiwa 1902. Mkonge ukaja kufika zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka miaka ya mwanzo ya sitini, kisha nailoni ikaingia kwenye kamba na bei ikaanguka. Toroli zikabaki zimesimama. Trekta likachukua kazi.

Hatua chache nyuma ya mwembe reli imekwisha. Haikuishia hapo zamani, ilikuwa inaendelea mpaka kitalu cha mbali. Ncha zimekatwa kwa gesi, zina machozi ya chuma yaliyogandia, na mbele yake mashimo ya mataruma yamepangana mpaka machakani. Chuma chakavu kina bei. Siwalaumu sana waliokata; reli isiyobeba kitu ni mboga ya mtu. Ila nashindwa kuelewa kwa nini mkoa wenye Amani, Pangani na mapango ya Amboni, unaohangaika kumfanya mgeni alale usiku wa pili, usivitazame vipande hivi kabla havijaishia kwa wapima mizani. Hakitakiwi kitu kikubwa. Karakana ipo, mafundi wapo, na Ujerumani, Ufaransa na Marekani wanafanya biashara hiyo kwenye reli zao zilizostaafu.

Kurudi nilipewa mimi breki. Ni kipande cha mti mgumu kilichovikwa raba ya tairi, kinabana gurudumu kwa mkono wa chuma. Kwenye baiskeli breki ni ya kukabiliana na kilichotokea. Huku unafunga kwa ajili ya kitu ambacho bado kiko mbali, kwa sababu uleule ulaini uliotubeba asubuhi hautaki kuacha. Mzee alinifanya nijaribu kabla ya mteremko wenyewe: aliweka fulana yake juu ya reli mbele huko, akaniambia nisimame kabla yake. Nikabana kwa nguvu zote, gurudumu likajifunga na likateleza kama limepakwa sabuni, tukaipita fulana. Mara ya pili nikabana kidogokidogo, naachia, nabana, tukasimama nayo ikiwa hatua kadhaa mbele. Akasema kama ni asubuhi na umande, au majani mabichi ya mkonge yamedondokea chuma, umbali huo niuzidishe mara mbili.

Tukateremka bila kupiga pedeli karibu njia yote. Chupa ya maji ilikuwa mbele, miguuni pangu. Mama Mkubwa aliimba kitu cha Kingoni ambacho mdogo wangu alijaribu kukirekodi na hakupata zaidi ya upepo.

Sasa hivi suala lililobaki ni kiti. Mama Mkubwa amesema safari ijayo habebwi, anapiga mwenyewe, ila apatiwe kiti chenye mgongo na pedeli zilizosogezwa karibu. Mzee amekubali kuunda kiberenge cha pili kwa sharti kwamba beringi tununue sisi, akatuma vipimo kwa ujumbe wa simu: 6204, na za Kichina hataki. Mdogo wangu amezunguka maduka ya vipuri Ngamiani na kurudi na bei. Tumemrudisha akapatane upya.